Binti yangu amegeuzwa stika ya darasa zima, na sasa hataki shule

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ipogolo, pale chini kabla hujaanza kuupanda mlima wa kuingia Iringa mjini. Nauza ulanzi, pombe ya mianzi. Nimeanza na jambo hilo kwa sababu ndiko yalikotokea haya ninayokuandikia, na kwa sababu sikuwahi kulionea aibu mpaka mwezi uliopita. Kazi hii niliirithi kwa marehemu mama yangu. Ndiyo iliyomsomesha kijana wangu mkubwa mpaka akamaliza kidato cha nne, na ndiyo iliyoezeka bati nyumba tunayolala, maana mume wangu ni fundi mwashi ambaye wakati wa mvua hapati kazi kila siku, na wakati huo wa mvua ndipo ulanzi unapotoka kwa wingi.

Binti yangu wa pili ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya hapa mjini. Ni mtoto mkimya, anapenda hesabu kuliko masomo mengine yote. Tangu akiwa darasa la sita amekuwa akinisaidia jioni kubeba ulanzi kutoka nyumbani, ambako wagema wa upande wa Kilolo hutushushia madumu, mpaka kilabuni, mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Mwaka jana aliniomba mara mbili nimruhusu apite njia ya nyuma, ile ya mtoni, badala ya kupita mbele ya kilabu kufikia mlango wangu. Nilimkatalia kwa sababu njia hiyo ina utelezi na jioni haina watu.

Mwezi wa kumi kaka yake, ambaye anafanya biashara ndogo Dar es Salaam, alimtumia simu janja iliyokwishatumika, kwa kuwa darasa lao lina kundi la WhatsApp ambamo hutumiwa maswali ya mazoezi na mitihani ya miaka ya nyuma. Mwalimu wao mmoja yumo katika kundi hilo. Mimi natumia kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, kwa hiyo yanayoendelea humo nilikuwa nayasikia kwa mbali tu.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, alichelewa kurudi kutoka shule. Mvua ilikuwa inanyesha, wateja walikuwa wananisubiri, nami nikamwambia asivue sweta la shule kwa sababu ya baridi, achukue ndoo ya lita kumi anitangulie. Njiani kuna mtu alimpiga picha. Katika picha hiyo ndoo iko kichwani, povu limemmwagikia begani juu ya sweta, mdomo wake uko wazi kwa sababu alikuwa anahema, na nyuma yake yuko mzee mmoja amekaa chini, amelewa, ananyoosha mkono. Kabla usiku ule haujaisha walikuwa wameshaikata picha, wakaacha sura yake na ndoo, wakaifanya stika, ile picha ndogo ya kutumiana kwenye simu, na kuiandika maneno haya: "Mtogwa upo, jero tu," yaani ulanzi mtamu upo, shilingi mia tano tu.

Mimi sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na mdogo wake wa darasa la sita, ambaye aliiona stika hiyo kwenye simu ya jirani, mtu mzima ambaye hata hajui ni shule gani ilikotoka. Mdogo wake anasema kila mtu akiuliza jambo kundini, kama ni zoezi limeisha au kesho kuna kipindi gani, kuna atakayejibu kwa stika hiyo, na wengine wanaweka alama za kucheka. Jumatatu binti yangu alikwenda shule, akarudi saa nne asubuhi. Kwenye dawati lake walikuwa wamechora ndoo kwa chaki. Tangu siku hiyo hajarudi, leo ni siku ya tisa. Rafiki yake aliyekuwa akimpitia kila asubuhi tangu kidato cha kwanza naye hapiti tena, wala hajaja kuuliza.

Mume wangu alipojua alisema mzizi wa yote ni simu. Aliipiga kwenye sakafu ya saruji ikapasuka vipande, kisha akamchapa binti kwa kukubali kukaa katika kundi la watu wanaotukanana. Usiku huo nilikwenda kukaa naye kitandani. Hakulia. Aliniambia, "Mama, hata wakikuita shuleni usije wewe. Aje baba." Halafu baada ya muda akaniuliza, "Kwa nini usiuze hata nyanya?"

Shangazi, kauli hizo mbili zimeniondolea usingizi. Kaka yangu anasema twende polisi kwa sababu kuna sheria na adhabu yake ni miaka mitatu jela. Mume wangu anasema simu haitaingia tena katika nyumba hii mpaka binti amalize kidato cha nne. Mimi nafikiria kumhamishia kwa mdogo wangu Makambako, akaanze upya mahali ambapo hawamjui. Na ikifika usiku nafikiria kuacha ulanzi. Naomba uniambie nianze na lipi.

Mama wa Ipogolo

*

Marahaba, mama, na kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Nilikuwa mwalimu wa malezi katika shule za sekondari za mikoa hii yetu kwa miaka mingi, na jambo la kwanza nitakalokuambia ni la leo usiku, kabla ya hayo mengine yote. Kaa na binti yako, umwulize kwa maneno yasiyozunguka kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutamani asingekuwepo. Kumwuliza hakutamtia wazo hilo kichwani. Mtoto mwenye mzigo huo mara nyingi hupata nafuu anapoona kuna mtu mzima aliyethubutu kuutaja. Akikuambia ndiyo, au ukiona hali chakula, halali usingizi, anagawa vitu vyake au anasema maneno ya kuaga, usimwache peke yake, na asubuhi umfikishe hospitali ya rufaa ya mkoa, umweleze daktari kwamba ni jambo la afya ya akili. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo hata kwa kitochi, saa yoyote, na yeye mwenyewe anaweza kuzungumza nao bila wewe kuwepo.

Sasa nizungumze na baba yake kupitia kwako, na ninakuomba umsomee sehemu hii. Ndugu yangu, ninaamini ulifanya ulilofanya kwa uchungu wa mzazi aliyeona mwanawe anadhalilishwa na watu asioweza kuwafikia. Lakini tazama mambo yalivyopangana machoni pa binti: alipigwa picha bila ridhaa yake, akachekwa na darasa zima, na hatimaye katika watu wote wanaohusika na jambo hili, aliyechapwa ni yeye peke yake. Wale waliotengeneza stika wamelala salama. Alichojifunza siku ile ni kwamba jambo la namna hii likijulikana nyumbani hugeuka adhabu, na kama kesho atatokea mtu mwingine mwenye nia mbaya zaidi, akamtisha kwa picha au akamdai fedha, atanyamaza mpaka mwisho. Kwa hiyo mwite, mkae wawili, umwambie kwamba ulikosea kumchapa na kwamba hakuwa na kosa. Najua katika nyumba zetu nyingi baba hamwombi mtoto radhi. Ninakuomba uivunje desturi hiyo mara hii, kwa sababu mtoto huyu anahitaji kumwona baba yake upande wake kabla hajakubali kutoka nje ya mlango.

Mama, nikueleze kidogo namna stika inavyofanya kazi, kwa sababu mipango yenu mingi inategemea jambo hilo. Stika ziliingia WhatsApp mwaka 2018, na siku hizi mtoto anaweza kuikata sura ya mtu kwenye picha na kuifanya stika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji ya chai. Ikishatumwa, kila anayeipenda huihifadhi katika simu yake mwenyewe, na kuanzia hapo inakuwa yake. Aliyeituma kwanza anaweza kuufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili hivi, na msimamizi wa kundi naye anaweza kuufuta, lakini nakala zilizokwisha kuhifadhiwa hubaki zilipo. Kampuni yenyewe haioni kinachopita, kwa sababu tangu mwaka 2016 mazungumzo yote hufungwa kwa namna ambayo aliyetuma na anayepokea pekee ndio wanaoyasoma. Isipokuwa mtu akiripoti kundi au mtumaji, hapo nakala za jumbe chache za mwisho hupelekwa kwao. Kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024. Ndiyo maana stika ya darasani ilifika kwa jirani yenu mtu mzima, na ndiyo maana nakuambia kwa uwazi kwamba hamtaweza kuifukuza simu kwa simu mpaka iishe. Nguvu zenu zielekezeni kwa watu, maana stika hiyo hudumu kwa sababu kuna mwenye kuituma na kuna wenye kuichekea, na hao wana majina, wana wazazi, na wanakaa katika chumba kimoja chenye mwalimu.

Hapo kwenye mwalimu ndipo niliposimama muda mrefu. Umeandika kwamba mwalimu mmoja yumo katika kundi lile. Inawezekana hakuiona, makundi ya namna hii hutoa jumbe mamia kwa siku, naye ana madarasa mengine. Inawezekana pia aliiona akadhani ni utani wa watoto. Kwa vyovyote vile, kundi ambalo mwalimu hutumia kufundishia ni darasa, na yanayofanyika humo ni ya shule hata kama yamefanyika saa nne usiku, kila mtu akiwa kwao. Usikubali kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya nje ya shule. Ndoo iliyochorwa kwa chaki juu ya dawati haikuchorwa WhatsApp.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni shule, si polisi na si Makambako. Nendeni wewe na mume wako, mwombe kuonana na mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa malezi. Simu iliyopasuka ilikuwa na ushahidi ndani yake, na laini yake ikiwekwa katika simu nyingine mazungumzo ya zamani huenda yasirudi. Lakini ushahidi haujapotea, kwa kuwa mwalimu yumo kundini na simu za wanafunzi wengine zinao. Mwombeni mwalimu huyo, mbele ya mkuu wake, apige picha za skrini zinazoonyesha stika, jina au namba ya aliyeituma, na tarehe, kabla hajafuta chochote. Watu wengi hufuta kwanza kwa hasira na kwa nia njema, kisha hawana cha kuonyesha.

Yako mambo mawili ambayo shule inaweza kuyapendekeza kwa nia njema na ambayo ninakusihi uyakatae kwa heshima. La kwanza ni kulitangaza jambo hili mstarini. Wanafunzi wa vidato vingine ambao hawakuwahi kuiona stika wataanza kuitafuta kabla ya kengele ya kwanza. La pili ni kuwachapa viboko waliohusika mbele ya wenzao, kwa sababu kesho yake watasema wamechapwa kwa ajili ya binti yako, na atakayelipia maumivu yao ni yeye. Omba badala yake kikao kidogo: aliyeitengeneza pamoja na mzazi wake, ninyi na mwalimu. Mtoto huyo amtazame binti yako usoni, aseme alichofanya, aifute mbele yenu, kisha aandike mwenyewe kundini kwamba aliitengeneza yeye, kwamba alikosea, na kwamba anaomba kila aliyenayo aifute. Waliokuwa wakiijibu kwa alama za kucheka wataisoma kutoka kwa mwenzao, na katika umri huo neno la mwenzao lina uzito kuliko la mkuu wa shule.

Ninasisitiza habari ya kutazamana usoni kwa sababu ndicho kitu kinachokosekana katika simu. Miaka niliyofundisha, kabla ya simu hizi, nilikamata vikaratasi vya kejeli vikipitishwa chini ya madawati, na nilijua kwamba mchoraji alikuwa amekaa mahali anapoweza kumwona aliyechorwa akiinamisha kichwa. Baadhi yao waliacha kwa kuona hivyo tu. Anayegusa alama ya kucheka akiwa kitandani kwao Kihesa haoni chochote. Anaongeza kicheko kimoja tu, ambacho kwake hakina uzito, na hajui kwamba kule Ipogolo vimeshafika hamsini. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kupima matokeo ya anachofanya huendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini, na tumewapa watoto wa miaka 15 na 16 chombo kinachomfikia kila mtu kabla hawajafikiri mara ya pili. Siyaandiki hayo ili kuwatetea. Nayaandika kwa sababu mtakapokaa na mtoto aliyefanya hivi mtaona ni mtoto, na mtahitaji kuwa mmejiandaa kwa hilo.

Na huenda mkakuta ni mtoto mnayemfahamu. Yule rafiki ambaye alikuwa akimpitia binti yako kila asubuhi tangu kidato cha kwanza, na ambaye ameacha kupita bila hata kuuliza hali, ana sababu. Inaweza kuwa hofu kwamba akionekana naye atageuzwa stika kesho. Inaweza pia kuwa kwamba anajua aliyepiga picha, au kwamba ni yeye. Sikuambii umshuku, na wala usimbane binti yako akutajie jina. Akiwa tayari atalitaja. Nimelitaja ili kama jina hilo ndilo litakalotoka, usishtuke mbele yake, na ujue kwamba uchungu wake una sehemu mbili ambazo zitapona kwa nyakati tofauti. Na kama ilikuwa hofu tu, basi mama, nenda nyumbani kwao jioni moja, ukazungumze na mama yake, umwombe msichana huyo aanze kupita tena. Mtoto anayerudi shuleni akiwa na mwenzake mmoja ubavuni harudi sawa na anayerudi peke yake.

Kaka yako hakukosea kuhusu sheria. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini waliofanya haya, kama ni wanafunzi wenzake, yaelekea wana umri chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawahesabu kuwa watoto na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Ukienda na matumaini ya kuona mtu anafungwa miaka mitatu, utarudi na kinyongo. Hata hivyo polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ina watu ambao kazi yao ni mambo ya namna hii. Nenda kwao shule ikikupuuza, au kitendo kikirudiwa. Kuna hali moja ambayo haisubiri kikao chochote. Yale maneno "jero tu" yanaweza kusomwa vibaya na watu wazima wasiojua yalikotoka. Mtu yeyote akianza kumpigia au kumtumia jumbe za kumtaka, au picha yake ikichezewa ikawa ya aibu ya mwili, au mtu akidai fedha, nendeni Dawati siku hiyo hiyo, na msimlipe mtu chochote.

Kuhusu Makambako nitasema machache. Stika iliyofika kwa jirani yenu itafika Makambako pia, na itamkuta akiwa mgeni, bila mama, katikati ya kidato cha tatu. Mhamishe ikiwa shule itashindwa kabisa kumlinda baada ya ninyi kufanya haya yote. Kabla ya hapo, kumhamisha kutamwambia kwamba aliyepaswa kuondoka alikuwa yeye. Muda wa kurudi uwe mfupi. Siku tisa zimeshakuwa nyingi, na kila wiki anayokaa nyumbani mlango wa darasa unazidi kuwa mzito kuufungua. Mwombeni mwalimu wa hesabu, kama yupo anayempenda, ampokee asubuhi ya kwanza.

Sasa nije kwenye lile ulilolificha mwisho wa barua, kuacha ulanzi.

Usiuache kwa sababu ya stika. Ningekuambia hivyo hata kama kazi yako ingekuwa nyingine. Watoto wangapi wa Iringa, Kilolo na Mufindi wamevaa sare za shule zilizonunuliwa kwa mianzi iliyokatwa alfajiri na jioni, tone kwa tone ndani ya mbeta, vile vyombo vya mianzi vya kukingia ulanzi, siwezi kuwahesabu, na wengine wao leo ni walimu wanaowafundisha hao hao wanaocheka. Lakini mama, nimeisoma pia ile sehemu uliyoipita haraka. Mwaka jana, kabla ya picha yoyote, binti yako alikuomba mara mbili apite njia ya nyuma. Hakukuomba aache kubeba. Aliomba asipite mbele ya kilabu. Wewe ulifikiria utelezi, na ulikuwa na sababu. Sidhani kama ulimwuliza yeye anafikiria nini. Msichana wa miaka 15 anayepita kila jioni mbele ya wanaume waliokunywa mkangafu, ulanzi uliochacha, tangu mchana husikia maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya mama yake. Katika picha ile yupo mzee ananyoosha mkono. Mwulize kuhusu mkono huo. Mwulize kama ni mara ya kwanza.

Ninavyofikiri mimi, "kwa nini usiuze hata nyanya" ni swali la zamani ambalo stika imempa ujasiri wa kulitamka, na sidhani kama lilihusu heshima ya kazi yako. Kazi endelea nayo. Kubeba ndoo kwenda kilabuni kuishe kwake kuanzia leo, na umwambie kwamba kumeisha na sababu yake ni kwamba umemsikia. Tafuta kijana wa bodaboda akubebee dumu moja jioni, hata kama faida itapungua kidogo. Akitaka kukusaidia, akusaidie hesabu za mapato, kwa kuwa umesema anazipenda.

Simu nimeiacha karibu na mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwenu imekuwa ya kwanza. Kumkataza mpaka amalize kidato cha nne maana yake ni kwamba wenzake watapata maswali ya mazoezi na yeye hatapata, na kwamba stika itaendelea kuzunguka yeye asijue inasema nini, jambo ambalo humtesa mtu kuliko kuiona. Kwa wiki hizi chache za kwanza ni sawa akae bila simu, na maswali mwombe mwalimu yachapwe kwenye karatasi. Ikirudi, iwe ya nyumba: inachajiwa sebuleni, saa tatu usiku inalala huko pamoja na za watu wazima wote, na haingii chumbani. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, na hakuna anayelala kundi likitetemesha mto. Akae na kaka yake, hata kwa kupigiana, waingie kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp waweke kwamba watu aliohifadhi namba zao pekee ndio wanaoweza kumwingiza katika makundi na kuona picha yake. Na wewe, mama, mwombe akufundishe. Mzazi mwenye kitochi anaweza kulea vizuri, lakini ningependa siku moja uweze kuyaona kwa macho yako mambo ambayo mpaka sasa unayasikia kutoka kwa mdogo wake.

Limebaki lile neno alilokuambia usiku, kwamba ukiitwa usiende wewe, aende baba. Umelielewa kuwa anakuonea aibu. Mimi nimelisoma kwa namna nyingine. Binti yako anajua, kuliko wewe, jinsi picha inavyopatikana: mtu anapita, mwingine ananyanyua simu. Alikuona akilini mwake ukiingia katika geti lile, na nusu ya darasa wakiwa dirishani na simu walizozificha kwenye soksi. Nadhani alikuwa anakukinga usifanywe kama yeye. Hakulia, umeandika; watoto wanaobeba ulinzi wa mzazi wao mara nyingi hawalii.

Kwa hiyo usiende kwa kumvizia. Mwambie kwamba umeielewa hofu yake, kwamba wewe ni mtu mzima na picha haitakuvunja, na kwamba mtakwenda wote watatu, saa za vipindi, wakati wanafunzi wako darasani. Achague yeye siku. Vaa unavyovaa siku zote ukiwa na heshima zako. Mkuu wa shule akikuuliza unafanya kazi gani, mwambie unauza ulanzi Ipogolo, kisha endelea na jambo lililowapeleka.

Shangazi